Kola ya Umio

Mgonjwa aliyemeza omeprazoli miezi na miezi bila nafuu, akipelekwa kwa daktari wa upasuaji, hukutana na neno fundoplikesheni. Sikio la Mswahili hulipokea kwa njia yake: linasikia fundo. Akirudi nyumbani huwaeleza ndugu zake kwamba anakwenda kufungwa fundo kooni, na nyumba nzima inaingiwa na hofu, maana kila mtu anaelewa kuwa aliyefungwa fundo kooni hali wala hanywi. Katika upasuaji huu hakuna fundo. Kuna sehemu ya tumbo la mgonjwa mwenyewe inayozungushwa nyuma ya umio, ikaletwa mbele na kushonwa. Istilahi inayomtisha mtu kwa jambo lisilokuwepo, huku ikimficha lile analotakiwa kuliamua, inastahili kubadilishwa. Napendekeza tuuite upasuaji wa kola ya umio.

Umio ni mrija wa chakula. Unashuka kutoka kooni, unapita kifuani, unapenya tundu la kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kisha unaingia kwenye mfuko wa chakula. Mwishoni mwake pana msuli wa mviringo ambao hulegea chakula kikipita na kubana kikishapita. Msuli huo ukilegea ovyo, tindikali hupanda. Hupanda vilevile pale sehemu ya mfuko wa chakula inapopenya tundu la kiwambo na kuingia kifuani. Hali hii ya pili nayo ni ngiri, ingawa wengi wetu neno hilo tumelizoea kwa uvimbe wa kinena. Daktari akisema ngiri ya kiwambo, na aonyeshe kwa kidole anazungumzia wapi.

Neno la kigeni limejengwa kwa Kilatini: fundus, kisha kitenzi cha kukunja. Fundus maana yake ni chini, kitako. Wanaanatomia hulitumia kwa sehemu ya kiungo chenye uwazi ndani iliyo mbali na mlango wake, na katika mfuko wa chakula sehemu hiyo imekaa juu kabisa, upande wa kushoto, imetuna chini ya kiwambo. Anayetafsiri neno kwa neno ataandika "kukunja kitako cha tumbo" na kumpeleka msomaji mahali pasipohusika. Mimi huiita sehemu hiyo kilele cha tumbo.

Yapo majina mengine yanayokuja upesi mdomoni. "Upasuaji wa kiungulia" hausemi kinachofanyika. "Kukaza mlango wa tumbo" kunakaribia, lakini kunaahidi ubanaji, na ubanaji ndio hasa daktari mzuri anaoukwepa. Jina baya kuliko yote ni "operesheni ya kuondoa asidi". Tindikali haiondolewi, tumbo linaendelea kuitengeneza kama zamani. Kwetu kosa hili lina mizizi, kwa kuwa kila kinachochoma chini ya kifua tumezoea kukiita vidonda vya tumbo, gesi, au "asidi imezidi". Kwa wengi wenye tatizo hili asidi haijazidi hata kidogo. Imepanda mahali isipotakiwa, na umio hauna utando wa kuistahimili.

Kola kila mtu anaijua. Inazunguka shingo, ina urefu na ulegevu wake, inaweza kufungwa yote au kuachwa wazi kidogo. Nimeichagua hasa kwa sababu madaktari wanahitaji jina la kitu, si la tendo peke yake: kuna siku watamwambia mgonjwa kwamba kola imebana, kola imelegea, kola imeteleza na kushuka. Kwa jina hili mgonjwa ataelewa pasipo kuchorewa.

Aliyeubuni upasuaji huu ni Rudolf Nissen, Myahudi wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1896. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 aliondoka Berlin akaenda kufundisha Istanbul. Huko, mwaka 1936, alimpasua kijana mwenye kidonda kilichochimba mwisho wa umio. Aliikata sehemu iliyoharibika, akauunganisha umio na mfuko wa chakula, na kwa kuhofia kiungo hicho kisivuje, akakizungushia tumbo lenyewe. Miaka ilipopita akagundua kwamba mgonjwa yule hasumbuliwi na tindikali, jambo ambalo kwa aina ile ya upasuaji halikutarajiwa. Nissen alipitia Marekani, na mwaka 1948 alimpasua Albert Einstein aliyekuwa na uvimbe kwenye mshipa mkuu wa damu tumboni. Kisha alihamia Basel, Uswisi. Huko, mwaka 1955, alikizungusha kilele cha tumbo kwa makusudi, kwa ajili ya kuzuia tindikali tu, na mwaka uliofuata akachapisha taarifa yake. Kola yake ya awali ilikuwa ndefu na ya kubana, wagonjwa wakapata taabu kumeza. Waliomfuata waliifupisha na kuilegeza. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne wa Liège, Ubelgiji, alichapisha taarifa za wagonjwa wa kwanza waliofanyiwa kwa njia ya matundu madogo.

Hivi leo mgonjwa hupewa nusu kaputi, tumbo likajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, na vyombo vikapitishwa kwenye matundu, mara nyingi matano, ya upana wa kama sentimita moja au pungufu. Ini linainuliwa. Mishipa midogo ya damu inayokishikiza kilele cha tumbo kwenye bandama inakatwa ili kilele kiwe huru. Kama mfuko wa chakula umepanda kifuani, unavutwa chini, na tundu la kiwambo linapunguzwa kwa nyuzi. Kisha kilele kinapitishwa nyuma ya umio, kutoka kushoto kikatokeza kulia. Daktari huzishika ncha zote mbili na kuzivuta huku na huku aone kama kola inateleza bila kukwama. Ikirudi yenyewe ilikotoka, haijawa huru vya kutosha. Wengi huwa wamepitisha mrija mnene kinywani hadi tumboni ili kola isishonwe kwa kubana. Nyuzi mbili au tatu mbele, urefu wa sentimita mbili hivi, basi. Hiyo ni kola kamili. Ile ya André Toupet ni ya robo tatu, imeachwa wazi mbele, na ya Jacques Dor ni ya nusu, inapita mbele ya umio. Zote mbili ni za miaka ya 1960.

Nani basi ashonewe? Hapa linaingia neno la pili ambalo linahitaji uangalifu: sugu. Tunasema malaria sugu, tunasema kifua kikuu sugu, na maana yake ni kwamba ugonjwa unajulikana ila dawa imeshindwa. Kiungulia sugu tunakisikia kwa sikio hilohilo, na hitimisho linakuja lenyewe: kama dawa imeshindwa, kisu kitaweza. Hitimisho hilo ndilo linalowapeleka watu mezani bila sababu.

Utafiti uliofanyika katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, ukaongozwa na Stuart Spechler na kuchapishwa mwaka 2019, uliwachukua watu 366 ambao kiungulia chao kilisemekana hakisikii dawa. Kwanza walipewa omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, wakaelekezwa waimeze dakika 20 kabla ya staftahi na kabla ya chakula cha jioni. Watu 42 wakapata nafuu kwa hilo peke yake. Vipimo vilipofanyika, 23 walikutwa na magonjwa mengine ya umio, na 99 walikuwa na kile ninachokiita kiungulia cha hisia: umio mzima, tindikali ya kawaida, mishipa ya fahamu inayohisi moto usiokuwepo. Wengine waliachwa kwa sababu mbalimbali au hawakumaliza vipimo. Waliobaki ni 78. Hao ndio waliogawanywa kwa kura, na baada ya mwaka mmoja upasuaji ulikuwa umewafaa 18 kati ya 27, yaani asilimia 67. Omeprazoli iliyoongezewa dawa nyingine iliwafaa 7 kati ya 25, na waliobaki na omeprazoli pamoja na vidonge visivyo na dawa walifaidika 3 kati ya 26.

Nimeyarudia matokeo hayo mara nyingi kwa watu wangu, kwa kuwa yana pande mbili na zote ni za kweli. Aliyethibitishwa kwamba tindikali, au hata maji ya tumbo yasiyo makali, ndiyo yanayompandia, kwake upasuaji unaishinda dawa kwa mbali. Na katika kila watu watano waliokuja wakisema dawa imeshindwa, aliyethibitishwa hivyo ni mmoja tu.

Wale 42 nao wanahitaji neno. Omeprazoli inazima pampu za tindikali ambazo zimekwisha kuamshwa, na kinachoziamsha ni chakula. Ndiyo maana humezwa nusu saa au saa moja kabla ya kula. Mtu anayeimeza usiku kitandani, baada ya kiungulia kuanza, anaipeleka wakati pampu nyingi zimelala. Kabla ya kuliita jambo sugu, swali la kwanza ni hilo: unaimeza saa ngapi?

Vipimo ni vitatu na kila kimoja kina kazi yake. Endoskopi, ambayo wengi huita kumeza kamera, inaangalia majeraha, ngiri na saratani. Hiki nakisisitizia kwa nguvu zote. Ukanda unaoanzia Ethiopia ukashuka hadi Afrika Kusini, na nchi zetu zimo, una saratani nyingi ya umio, na dalili yake ni chakula kukwama. Mtu ambaye ugali unamkwama kifuani asipoteze mwezi mmoja na vidonge vya kiungulia. Kipimo cha pili ni cha tindikali cha saa 24: mrija mwembamba hupitishwa puani ukaachwa umioni, mgonjwa akala na kulala kwake kama kawaida, huku mashine ikihesabu muda ambao pH iko chini ya 4. Ikizidi asilimia 6 ya muda wote, jibu ni la wazi. Cha tatu hupima msukumo wa umio, kwa sababu umio usiosukuma, ukivishwa kola kamili, utaziba.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo daktari angeyatumia vizuri mbele ya mgonjwa. Kiungulia ni moto. Kucheua ni kitu kupanda, kama mtoto anavyocheua maziwa baada ya kunyonya. Dawa hupunguza ukali wa kinachopanda, haikizuii kupanda, kwa hiyo anayeamka usiku na maji ya tumbo kinywani ana sababu nzuri ya kufikiria kola kuliko anayelalamikia moto peke yake.

Gharama yake mwilini isifichwe. Wiki za kwanza ni uji, supu na vyakula laini, kwa kuwa kola imevimba. Wengine hushindwa kupiga mbweu wala kutapika, gesi ikabaki tumboni na kutokea chini. Kola za robo tatu hupunguza adha hizo. Kati ya wagonjwa 2,655 wa Sweden waliofuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, asilimia 17.7 walirudiwa na tatizo, na wengi wa hao wakarudi kwenye dawa. Ipo pia pete ya shanga za sumaku inayovishwa umio, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Hiyo iitwe pete, isichanganywe na kola. Na mwenye unene uliopitiliza mara nyingi hushauriwa upasuaji mwingine kabisa, ule wa kupunguza mfuko wa chakula na kuugeuzia njia.

Fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa anatia saini ningependa isomeke hivi: "Kilele cha tumbo lako kitazungushwa umioni na kushonwa kama kola, ili chakula na tindikali visipande. Tundu la kiwambo litapunguzwa kwa nyuzi. Tumbo litaendelea kutengeneza tindikali. Wiki za kwanza utakula vyakula laini. Huenda ukashindwa kupiga mbweu au kutapika. Kola inaweza kulegea au kuteleza baadaye, ukahitaji dawa tena au upasuaji wa pili." Chini yake ziachwe nafasi mbili za kujazwa na daktari kabla ya saini: aina ya kola, kama ni kamili, ya robo tatu au ya nusu, na majibu ya kipimo cha saa 24.