Mchanga wa Kisesa na Watu Waliousoma

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, unafika Kisesa baada ya kama kilomita 20. Ni nchi ya vilima vya mawe makubwa ya kijivu, na chini ya kila kilima kuna ardhi ya kichanga yenye changarawe inayokwaruza jembe. Mgeni akiitazama wakati wa kiangazi, imekauka na kupauka, hudhani ni ardhi maskini, tena ya namna moja. Wasukuma hawakuiona hivyo. Kwa vizazi vingi waliigawa kwa majina, na kila jina lilibeba shauri la kilimo: nini kipandwe, wapi, na baada ya mvua ya namna gani. Elimu hiyo ilijengwa polepole shambani, ikaingia katika sayansi ya dunia, kisha ikapuuzwa kwa gharama kubwa.

Tuanze na mwamba wenyewe. Granaiti ya Usukuma ni sehemu ya kiini cha kale cha nchi ya Tanzania, na umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Mwamba huu umeundwa hasa na madini matatu: kwatzi, feldispa na ulanga. Maji ya mvua yakipenya katika nyufa zake, feldispa hugeuka taratibu kuwa mfinyanzi, na ulanga hulegea. Kwatzi haigeuki kwa urahisi. Hubaki punje ngumu zenye kona kali, nyingine ndogo kama chumvi ya mawe, nyingine kubwa kiasi cha kuitwa changarawe. Mvua ikinyesha kwa nguvu huuchukua mfinyanzi ulio mwepesi na kuuteremsha bondeni, na punje nzito hubaki karibu na kilima. Ndiyo maana ukishuka kutoka kwenye mawe hadi kwenye mto, unakanyaga kwanza changarawe, kisha kichanga, na mwishowe mfinyanzi mweusi.

Majangwani, kazi ya kuchambua punje hufanywa zaidi na upepo. Huko jiwe la mchanga, ambalo ni mchanga wa kale ulioshikamana, huvunjika na kurudi katika hali yake ya kwanza. Upepo hupeperusha vumbi na kuacha changarawe imetanda juu ya ardhi. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Bukoba, miamba ya mchanga imezaa udongo wa nyika ambazo Wahaya huziita rweya. Pale tatizo si ukame, kwa kuwa mvua ni nyingi mno na huosha rutuba ikapotelea chini. Kisesa iko katikati ya hali hizo mbili. Mvua yake kwa kawaida ni kati ya milimita 800 na 1,000 kwa mwaka, nayo hugawanyika kati ya vuli na masika, na katikati mara nyingi hukatika. Udongo wa changarawe haushiki maji, kwa hiyo siku chache za jua kali zinatosha kunyausha mahindi. Punje za kwatzi hazina chakula cha mmea. Rutuba yote iko katika tabaka jembamba la majani na mizizi iliyooza pale juu, na tabaka hilo likiondoka, hakuna akiba iliyobaki chini.

Mambo hayo Wasukuma waliyajua kwa kulima. Udongo mwepesi wa kichanga wa miteremko waliuita luseni. Hulimika kwa jembe la mkono mara mvua za kwanza zinapoanza, nao ulifaa kwa uwele, karanga, njugu mawe, mihogo na viazi vitamu, ambavyo hukaushwa kuwa michembe na matobolwa ya kulia kiangazi. Udongo mwekundu wenye nguvu kidogo waliuita kikungu. Chini zaidi kuna itogolo, kichanga kilicholalia tabaka gumu lisilopitisha maji, na huko wakulima wa mpunga wamejenga majaluba ili maji yaliyozuiliwa yawe faida. Ibambasi ni udongo mgumu wenye magadi, hauna msaada mkubwa kwa mazao. Ibushi una chokaa. Bondeni kabisa iko mbuga, nyeusi na nzito, inayopasuka kiangazi na kunata masika. Kaya iliyoweza kupata kipande cha luseni juu na kipande cha mbuga chini ilikuwa na kinga: mwaka wa mvua chache bondeni palivuna, na mwaka wa mafuriko mteremko ulivuna.

Mwaka 1928 mwanakemia Mwingereza, Geoffrey Milne, alifika kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara. Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa ngumu: kutengeneza ramani ya udongo ya Afrika Mashariki yote. Alitatizika kwa sababu kila alikokwenda, ndani ya kilomita moja tu, udongo ulibadilika mara tatu au nne, na ramani ya nchi nzima haikuweza kuonyesha vipande vidogo hivyo. Kisha akatambua kwamba mabadiliko hayo yana mpangilio. Kilima kimoja na bonde lake hurudia mfuatano uleule wa udongo, na kilima kinachofuata huurudia tena. Mwaka 1935 aliuita mfuatano huo katena, akaufananisha na mnyororo ulioning'inizwa kati ya nguzo mbili, ambao kila pete imeshikana na ya juu yake na ya chini yake. Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 1936 alisafiri sana ndani ya Tanganyika kuchunguza ardhi, na ramani yake ya awali ilitoka mwaka 1936. Alifariki mwaka 1942, na ripoti ya safari ile ilichapishwa mwaka 1947. Leo neno katena limo katika vitabu vya udongo duniani kote.

Milne aliona kwa macho ya kemia na ramani jambo ambalo wakulima wa Usukuma walikuwa wakilitumia tangu zamani. Katika maandishi ya wataalamu wa wakati ule majina ya wenyeji yamo: itogolo, ibambasi, mbuga. Bwana Shamba N. V. Rounce, ambaye kitabu chake kuhusu kilimo cha Usukuma kilitoka mwaka 1949, naye aliupanga udongo kwa majina hayohayo ya Kisukuma.

Lakini kusikia majina ni jambo moja, na kuyafuata ni jambo lingine. Serikali ya kikoloni ilitaka pamba. Kituo cha Ukiriguru, kusini mwa Mwanza, kilifanya kazi ya maana sana juu ya udongo wa kichanga. Wasukuma walikuwa tayari wakilima kwa matuta, wakifukia magugu ndani yake yaoze. Ukiriguru iliongeza vizuizi vidogo kati ya tuta na tuta, ili maji ya mvua yatuame na kuzama badala ya kutiririka na udongo. Majaribio yake pia yalionyesha kuwa samadi iliyowekwa msimu mmoja huendelea kuonekana katika mavuno ya misimu inayofuata. Kwa ardhi isiyo na akiba chini, hiyo ilikuwa habari njema kabisa.

Mwaka 1947 ulianza Mpango wa Maendeleo wa Usukuma. Ushauri uliotokana na majaribio ukageuzwa kuwa amri: matuta yenye vizuizi, samadi, kupunguza ng'ombe, ekari za kulima, na faini kwa asiyetii. Mkulima aliyejua kwamba shamba lake la itogolo hushikilia maji kupita kiasi aliamrishwa sawa na jirani yake mwenye luseni. Chuki ikajikusanya, na mwaka 1958 maandamano makubwa yalizuka Geita, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Utaratibu wa kulazimisha ukaachwa. Pamoja nao, watu wengi waliyaacha na matuta yale, ingawa kwenye udongo wa kichanga yalikuwa na faida ya kweli. Hiyo ndiyo hasara ninayoihuzunikia zaidi katika historia hii: elimu njema ilichukiwa kwa sababu ya namna ilivyoletwa.

Miaka ya 1970 kosa lilijirudia kwa sura nyingine. Kaya za Wasukuma, zilizozoea kukaa kwa kutawanyika kila moja karibu na mashamba yake ya juu na ya chini, zilikusanywa kwa lazima katika vijiji. Mashamba yaliyokuwa karibu na kijiji yalilimwa mfululizo, na yale ya mbali yalikosa samadi. Kusini, Shinyanga, miti ilikuwa imepungua kiasi cha eneo hilo kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Ulifaulu ulipoacha kulazimisha na kurudi kwenye desturi ya wenyeji ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili nyasi na miti virudi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto kwa njia hiyo.

Kisesa ya leo inakua haraka. Barabara ya Usagara hadi Kisesa imeunganisha njia kuu mbili zinazoingia Mwanza, na mashamba ya luseni yanapimwa viwanja. Mtu hawezi kuulaumu mji kwa kukua. Lakini changarawe inayomwagiwa msingi, na bonde la mbuga linalojengewa nyumba zitakazopasuka kuta kwa sababu mfinyanzi wake hutanuka na kusinyaa, ni habari ambazo majina ya kale yalishazieleza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji dhamana ya kusimamia ardhi yake. Kila kijiji kinachopanga matumizi ya ardhi kiwaite wazee na wakulima wake, kitembee nao kutoka kileleni hadi mtoni, na kuandika kwenye ramani mahali luseni inapoishia na itogolo inapoanzia. Wataalamu wa Ukiriguru wapo, vipimo vya maabara vipo, na wenye kuyajua majina bado wapo. Wakikaa pamoja, mwenye kiwanja atajua anajenga juu ya nini, na mwenye shamba atajua apande nini.