Video za matangazo zinazojianzisha tovutini: zilikotoka na zinavyomgharimu msomaji

Mkulima wa Moiben anayetaka kujua bei ya gunia la mahindi kabla hajakodi lori la kwenda Eldoret hufungua ukurasa wa habari kwenye simu yake ya mkononi. Kabla hajamaliza aya ya kwanza, video ya sabuni, ya mkopo au ya kamari huanza kucheza yenyewe, ikaifunika habari aliyoifuata na kuitafuna data aliyoinunua asubuhi. Ikiwa yumo ndani ya matatu, abiria wenziwe humgeukia kwa sababu ya kelele ambazo hakuziomba.

Tangazo la aina hii huja kwa sura kadhaa. Liko linalotangulia video ya habari, liko linaloibuka katikati ya aya, na liko lile la dirisha dogo linalong'ang'ania pembeni mwa kioo cha simu, likimfuata msomaji kila anapousogeza ukurasa. Alama ya kulifunga aghalabu huwa ndogo kiasi kwamba kidole gumba hakiwezi kuilenga bila kuligusa tangazo lenyewe. Mguso huo wa bahati mbaya nao huhesabiwa kuwa ithibati kwamba msomaji amevutiwa.

Matangazo ya mtandaoni hayakuanza kwa ukali huu. Bango la kwanza linalotajwa sana katika historia ya wavuti lilionekana tarehe 27 Oktoba 1994 katika tovuti ya HotWired nchini Marekani, likiwa limelipiwa na kampuni ya simu ya AT&T. Lilikuwa mstatili mtulivu, lisilo na sauti wala mwendo. Miaka michache baadaye, kampuni moja ya magari ilikasirika kuona tangazo lake limekaa katika ukurasa usio na staha wa mtandao wa Tripod. Mtaalamu wa Tripod, Ethan Zuckerman, akaandika programu ya kulifungua tangazo katika dirisha la peke yake ili lisihusishwe na yaliyomo ukurasani. Ndivyo dirisha ibukizi lilivyozaliwa. Mnamo Agosti 2014 Zuckerman, ambaye baadhi ya Waafrika walimjua kupitia Geekcorps, shirika lililopeleka wataalamu wa teknolojia nchini Ghana, aliomba radhi hadharani katika jarida la The Atlantic. Ni nadra kwa mvumbuzi kujuta kwa uwazi wa namna hiyo.

Video ilichelewa kutufikia kwa sababu ya njia. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuunganishwa na ulimwengu, na katika vyumba vya intaneti vya Eldoret mteja alilipa kwa dakika. Ukurasa mzito ulimla fedha huku akiutazama ukijichora polepole kutoka juu kwenda chini. Wengi walizima picha ili waone maandishi tu. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, njia ilipanuka, na simu zenye uwezo wa intaneti zikashuka bei katika miaka iliyofuata. YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka 2006, ilikuwa tayari imewazoesha watu kutazama video mtandaoni. Watangazaji hawakusubiri kualikwa.

Hata hivyo, kupanuka kwa njia hakukuondoa malipo. Kilichobadilika ni kipimo tu, kwani badala ya dakika, msomaji sasa hulipia ukubwa wa kile kinachoingia simuni. Hesabu yake si ngumu. Video ya sekunde 30 inayosafirishwa kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde huwa na megabiti 30, yaani takriban megabaiti 3.75. Habari ya maneno elfu moja ya Kiswahili, ikihesabiwa herufi zake pamoja na nafasi, haizidi sana kilobaiti saba. Kwa hivyo tangazo moja la nusu dakika lina uzani wa maandishi ya habari zipatazo 500 za urefu wa makala haya. Anayenunua data ya siku moja kwa shilingi chache anaweza kumaliza sehemu kubwa ya fungu lake kwa kutazama bidhaa ambazo hakukusudia kuzinunua, na gharama hiyo haionekani popote katika hesabu za mtangazaji.

Kwa nini basi tovuti huziruhusu? Jibu ni fedha, na sisi tulio ndani ya vyumba vya habari hatuna budi kulisema bila kupepesa macho. Mapato ya magazeti yaliyochapishwa yamepungua, na nafasi ya video huuzwa ghali kuliko bango. Msomaji anapofungua ukurasa, nafasi hiyo huweza kunadiwa katika mnada unaoendeshwa na tarakilishi kwa muda ulio chini ya sekunde moja, na malipo huhesabiwa kwa kila maonyesho elfu. Mhariri hayumo katika mnada huo na aghalabu halijui tangazo litakalokaa kando ya habari aliyoihariri. Ndiyo maana taarifa ya mazishi huweza kusindikizwa na muziki wa bia.

Kuna jambo la pili ambalo wasomaji wengi hawalijui. Mwaka 2014, baraza la vipimo vya vyombo vya habari la Marekani, Media Rating Council, liliweka kiwango kwamba tangazo la video limeonekana iwapo nusu ya umbo lake imekuwa kiooni kwa sekunde mbili mfululizo. Kwa kipimo hicho, video inayojianzisha hufuzu hata kama msomaji alizitumia sekunde hizo mbili kutafuta mahali pa kuizima. Takwimu za aina hii huhitaji tahadhari. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imetia chumvi wastani wa muda ambao watu walitazama video, kwa kuwa hesabu yake iliwaacha nje wote walioondoka kabla ya sekunde ya tatu. Wakati huo vyombo vya habari vya Marekani vilikuwa vimeanza kuwaachisha kazi waandishi na kuajiri watengenezaji video.

Athari kwa msomaji ni zaidi ya kero. Watafiti Jan Benway na David Lane walionyesha mwaka 1998 kwamba watumiaji wa tovuti hujifunza kutoliona bango hata likiwa na habari wanayoitafuta. Jicho hujenga ukuta. Kwa video, ukuta huo haujengeki kwa urahisi, maana sauti na mwendo huvuta fikira kwa nguvu. Msomaji hupoteza mstari, hurudi nyuma, kisha hukata tamaa. Utafiti uliotolewa na Google mwaka 2016 ulieleza kuwa asilimia 53 ya wanaotembelea tovuti kwa simu huondoka iwapo ukurasa unachukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka.

Wanaoondoka hawaachi kutafuta habari. Wengi huenda WhatsApp, ambako ujumbe uliosambazwa huja mwepesi, bila tangazo, na mara nyingi bila mwandishi wala chanzo. Eldoret inajua gharama ya uvumi. Mnamo Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, jumbe fupi za uchochezi na habari zisizothibitishwa zilisambaa kwa simu huku watu wakiuawa na kufukuzwa makwao katika eneo la Uasin Gishu. Gazeti linalomfukuza msomaji kwa kelele haliwezi kujua ameelekea wapi, na siku habari ya kweli itakapohitajika kwa haraka, huenda asirudi.

Suala la kamari nalo limezidisha uzito. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti michezo ya kamari nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ikitaja madhara yake kwa watu, wakiwemo watoto. Amri hiyo ilihusu vyombo vyote, na iliwalenga wenye bidhaa, si namna tangazo linavyomrukia msomaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo hudai idhini kabla ya data za mtu kutumiwa kibiashara. Inagusa data, lakini kelele ni jambo jingine.

Kinga kubwa zaidi imetoka kwa watengenezaji wa vivinjari. Safari ilianza kuzuia video zenye sauti zisijianzishe mwaka 2017, Chrome ikafuata Aprili 2018 na Firefox Machi 2019. Kundi la Coalition for Better Ads, lililoundwa mwaka 2016 na kampuni za matangazo na teknolojia zenyewe, liliorodhesha video zinazojianzisha kwa sauti miongoni mwa matangazo yanayochukiza zaidi, na kuanzia Julai 2019 Chrome ilianza kuchuja ulimwenguni kote matangazo ya tovuti zinazokiuka orodha hiyo mara kwa mara. Wauzaji wakajibu kwa kuzima sauti na kuacha picha iendelee. Data inaliwa vilevile.

Msomaji anayetaka kujihami anaweza kuzima uchezaji wa video katika mipangilio ya programu kama Facebook, au kutumia Opera Mini, ambayo huupunguza ukurasa katika mitambo yake kabla ya kuufikisha simuni na ina kizuizi cha matangazo tangu 2016. Chrome nayo ilikuwa na njia ya kubana data iliyopendwa na wengi, lakini Google iliiondoa Machi 2022, kwa hoja kwamba bei ya data ilikuwa imeshuka katika nchi nyingi.