Kuta za Lubumbashi: nani alijenga, nani anakumbukwa



Watoto wetu wengi walizaliwa kambini, kule Zambia. Wakirudi, wanaulizwa kila mara: "Weye wa wapi?" Ndiyo maana tulichukua siku nzima kuzunguka nao Lubumbashi kwa miguu, tuone majengo ya zamani na michoro. Jibu la swali lile liko humo.

Tulianzia kwa Njanja, kwenye gare. Reli ilifika hapa kutoka Rhodesia mwaka 1910, mwaka ule ule muji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Mwaka 1911 tanuru ya kwanza ya Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba. Mumbunda, ile chimeni ndefu, na mlima mweusi wa mabaki pembeni yake, ni alama za kazi hiyo. Mababu wa baadhi ya watoto wetu waliifanya.

Katikati ya muji tuliona katedrali ya Petro na Paulo, sinagogi ya mwaka 1930, na teatri iliyochorwa na Claude Strebelle miaka ya 1950, ambayo leo inaitwa Bâtiment du 30 Juin. Ni majengo mazuri, hatukatai. Lakini waliobeba matofali hawakuruhusiwa kulala karibu nayo. Kati ya muji wa wazungu na cité Albert, leo Kamalondo, utawala uliacha nafasi tupu ya mita mia kadhaa. Eti ni kwa ajili ya afya, mbu asivuke kutoka kwa weusi! Ramani ya muji yenyewe ilikuwa sheria.

Kamalondo tulisimama kwenye kiwanja cha mpira. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mshahara walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira, na askari wakawapiga risasi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo.

Aliyewakumbuka ni mchoraji. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi yetu kwa picha karibu 100, na siku ile iko ndani. Picha za namna hiyo zilichorwa juu ya magunia ya unga, zikatundikwa sebuleni kwa watu wa kawaida, pamoja na mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki.

Na kuchora ukutani ni desturi ya zamani kwetu. Mwaka 1926, kule Bukama, Mbelgiji Georges Thiry aliona nyumba zilizochorwa na Albert Lubaki, akampa karatasi na rangi. Mwaka 1929 kazi zake zilionyeshwa Bruxelles. Karatasi zimebaki, ukuta wa udongo haudumu hivyo. Hata leo, michoro tuliyoiona kwenye saluni, farmasi na nganda inafutika kwa mvua, ama mwenye duka anapaka rangi mpya juu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Memba mwenye simu apige picha michoro ya karteri yake mbele ya mvua kuanza. Na kila familia iketi na mzee wake, iandike kwenye daftari: alifanya kazi wapi, alijenga nini, aliishi avenue gani. Daftari tutazikusanya kwenye mkutano ujao. Mtoto akiulizwa tena yeye ni wa wapi, aonyeshe ukuta, ataje na jina la aliyeujenga.