Jukwaa la Stesheni na Upandaji wa Treni za Masafa Marefu

Jukwaa la stesheni ni sehemu iliyoinuliwa kandokando ya reli, ambapo abiria husubiri, hupanda na kushuka. Kwa treni zinazounganisha mji na mji, umbo la jukwaa haliwezi kutenganishwa na utaratibu wa kupanda. Kimo cha ukingo, upana wa sakafu na idadi ya milango ya behewa ndivyo vinavyoamua abiria wapange foleni wapi, waitwe lini na treni isimame kwa muda gani. Treni iendayo kilomita 160 kwa saa hukata zaidi ya kilomita mbili na nusu kila dakika, kwa hiyo dakika tano za kusukumana mlangoni ni hasara kubwa ambayo dereva hawezi kuifidia kirahisi.

Kimo na pengo

Kimo cha jukwaa hupimwa kuanzia uso wa juu wa reli. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataja vimo viwili vya kawaida, milimita 550 na 760. Uingereza hutumia 915. Majukwaa ya Shinkansen ya Japani na ya treni za mwendokasi za China yana milimita 1,250, karibu sawa na sakafu ya behewa, na abiria huingia kama anayetoka sebuleni kwenda chumbani. Marekani kuna pande mbili: kwenye njia ya Boston hadi Washington stesheni nyingi zina majukwaa ya takriban milimita 1,220, lakini sehemu kubwa ya nchi ina majukwaa ya kama milimita 200 tu. Ndiyo maana mabehewa ya ghorofa ya Superliner yamewekewa mlango ghorofa ya chini.

Chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni treni za mizigo. Jukwaa la juu husogea hadi karibu kabisa na ubavu wa behewa, na shehena pana inaweza kuligonga. Penye reli moja inayotumiwa na abiria na mizigo, mhandisi ana njia mbili: ajenge njia ya pembeni kwa ajili ya mizigo, au ashushe jukwaa na kumwachia abiria ngazi.

Afrika Mashariki ilirithi ngazi. Kwenye Reli ya Kati ya Tanzania, iliyofika Kigoma mwaka 1914, kama kwenye reli nyingi za enzi hiyo, majukwaa ni ya chini, na katika vituo vidogo mtu anaweza kujikuta akipanda kutoka kwenye kokoto. Aliyewahi kumpandisha bibi yake huko anaujua utaratibu: mmoja juu anavuta mkono, mwingine chini anashika kiuno, na mizigo inafuata kwa kupokezana. Anayetumia kiti mwendo hubebwa, na kubebwa mbele ya watu si huduma. Rampu ya kukunja inayoletwa na mfanyakazi inasaidia, ila ni kiraka, kwa sababu abiria hubaki akimngoja mwenye rampu. Jukwaa lililo sawa na sakafu humhudumia anayetumia kiti mwendo, mzee, mama mwenye mtoto mgongoni na mwenye gunia kwa pamoja, bila kumtangaza yeyote.

Kimo pekee hakitoshi. Jukwaa likijengwa kwenye kona, pengo kati yake na behewa huongezeka, kwa kuwa behewa ni refu na halipindi: upande wa ndani wa kona ncha zake hukaa mbali na ukingo, na upande wa nje tumbo lake ndilo linalokaa mbali. Ndiyo sababu wajenzi hutafuta sehemu iliyonyooka hata kama iko mbali na katikati ya mji.

Kusubiri jukwaani au ukumbini

Japani abiria husubiri jukwaani. Treni ya Shinkansen iitwayo Nozomi, yenye mabehewa 16 na viti 1,323 husimama Nagoya au Kyoto kwa dakika moja au mbili tu. Hilo linawezekana kwa sababu namba ya behewa iliyo kwenye tiketi imeandikwa pia jukwaani, mahali hasa mlango utakaposimama. Foleni huwa tayari kabla treni haijafika, na wanaoshuka hupishwa kwanza. Atami, ambako hakuna njia ya kupishana na treni zisizosimama hupita kando ya jukwaa, ukingo una uzio wenye milango.

China hufuata njia nyingine: abiria hukaguliwa, huketi ukumbini, kisha lango hufunguliwa muda mfupi kabla ya kuondoka. Madaraka Express, iliyoanza safari za Mombasa na Nairobi mwaka 2017, inafanana na hiyo. Katika stesheni ya Mombasa, iliyo Miritini, mizigo hupangwa chini kwa safu ili mbwa wainuse, hupitishwa kwenye mashine, kisha abiria huonyesha kitambulisho na tiketi na kungoja kuitwa. Treni za umeme za Tanzania, zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai, nazo zina ukaguzi kabla ya jukwaa. Utaratibu huu hulinda usalama na kuzuia msongamano ukingoni, lakini muda wa kusubiri haupotei. Unahamishiwa kwa abiria. Mama wa Kisauni, Mombasa, mwenye treni ya asubuhi huanza safari yake gizani.

Penn Station ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1910, hufunga jukwaa kwa sababu tofauti kabisa: majukwaa yake ni membamba mno kwa umati unaongoja. Watu husimama juu wakikodolea macho ubao wa matangazo, namba ya njia hutokea dakika chache kabla ya treni kuondoka, na wote humiminika kwenye ngazi moja. Ukumbi wa Moynihan, uliofunguliwa Januari 2021, uliwapa nafasi na mwanga, ila majukwaa chini yake ni yaleyale.

Popote abiria anaposubiri, mwishowe hufika ukingoni, na kwa wasioona alama muhimu kuliko zote iko chini ya nyayo. Vigae vya njano vyenye vinundu, vinavyoonya kwamba ukingo u karibu, vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965. Mara ya kwanza vilitandazwa mtaani Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona, na baadaye vikaingia stesheni.