Waraka wa Tajiri

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutajwa kila watu wanapoaswa kuweka hesabu, lakini mara chache hukumbukwa kuwa daftari lilikuwa na pacha wake, nao ni waraka. Tajiri wa Unguja, Lamu au Kilwa hakuweza kuifuata mali yake kila ilikokwenda. Pembe zilikuwa Tabora au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nguo zilikuwa chomboni, mdai yuko Bombay na mdaiwa yuko Ujiji. Kilichowaunganisha wote hao ni kipande cha karatasi, na neno lililokosewa humo halikuweza kusahihishwa ila baada ya miezi.

Wanaoandika historia ya fasihi ya Kiswahili wameupa ushairi haki yake. Waraka wa biashara wamewaachia wanahistoria wa uchumi, ambao huusoma kutafuta bei na kuupita ufasaha wake. Hapo pana dhulma. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia mna barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, yalikokuwa makao makuu ya Wareno katika Bahari ya Hindi. Mmoja wa waandishi wake ni Fatima, mfalme mwanamke wa Kilwa. Barua hizo zimeutangulia kwa miaka 17 mwaka 1728, ambao ndio hupewa Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athman wa Pate. Nathari ya Kiswahili, basi, haikungoja wamisionari wala magazeti.

Umbo la waraka lilikuwa na adabu zake. Juu huja sifa na majina ya anayeandikiwa, kwa Kiarabu: jenabi, sheikh, mpenzi, na dua za afya na umri. Kisha huja neno linalofungua mlango, wa baadahu, na hapo ndipo Kiswahili huingia na mambo huanza. Kwanza mwandishi hukiri kupokea: waraka wako umewasili, na yaliyomo nimeyafahamu. Halafu hueleza alichotuma, kwa mkono wa nani, katika chombo gani, halafu anachotaka. Mwishoni salamu za jamaa, tarehe ya Hijria, na jina la mwandishi, mara nyingine pamoja na neno la kuthibitisha kuwa ameandika kwa mkono wake.

Msomaji wa leo huweza kuudhika na salamu ndefu namna ile. Lakini biashara ya mwambao ilikuwa biashara ya mali kauli. Anayekopeshwa jora za merikani na frasila za shanga apeleke bara hana dhamana kubwa kuliko jina lake, na salamu ndipo jina hilo linapopimwa: nani ametajwa, kwa cheo gani, nani ameachwa. Akiona sifa zimepunguzwa, mpokeaji alikwishajua kuwa deni litadaiwa kabla hajafika mstari wa tatu.

Baada ya salamu lugha hubadilika kabisa. Huwa kavu, fupi, na vitenzi hufuatana kama wapagazi njiani. Ukavu huo ulikuwa na sababu, na moja ni khati yenyewe. Herufi za Kiarabu kama zilivyotumika zamani hazikuitosha sauti ya Kiswahili. Herufi moja ya be ilibeba b, p, mb na mp. Fe ilibeba f na v. Irabu e ilijificha ndani ya i, na o ndani ya u. Kwa desturi hiyo, bata, pata na mbata huweza kuandikwa sawasawa, na pembe za ndovu zikasomeka bibi. Mshairi aliweza kuifurahia shaka hiyo, kwani mafumbo ni mali yake. Tajiri hakuweza. Kwa hiyo alilizungushia neno ulinzi: alitaja idadi, akataja kipimo, akataja aina. Aliyesoma frasila kumi za buri hakuwa na nafasi ya kudhani kingine, na kalasha, yaani pembe ndogo, ilikuwa na bei yake mbali. Katika hati za Kiarabu kulikuwa pia na desturi ya kuandika kiasi kwa maneno na kuongeza nusu yake, reale mia ambazo nusu yake ni hamsini, ili mjanja asipate pa kuchomeka kalamu.

Shanga ndizo zilizohitaji ufasaha mkubwa zaidi. Kila nchi ya bara ilikuwa na rangi yake na umbo lake, na pendo la watu liligeuka mwaka hadi mwaka. Samesame zilizogombewa mahali pamoja huweza kudharauliwa safari ya siku kumi mbele, na msafara ukakwama na mizigo isiyonunua hata chakula. Wakala aliyeandika tu kwamba shanga zinatakiwa alikuwa hakuandika kitu. Ilimpasa aeleze wekundu gani na ukubwa gani, mpaka mtu aliyeko Unguja azione bila kuziona. Kazi hiyo haiko mbali na ya mshairi.

Tena waraka ulisomwa kwa sauti. Wengi walimtegemea karani, wa kuandika na wa kusoma, na maneno yalipimwa kwa sikio kabla ya jicho. Ndiyo maana nyaraka zilizokusanywa na C. G. Büttner katika kitabu chake cha 1892, kilichochapishwa Berlin pamoja na sura za khati zenyewe, bado zina mwendo wa mtu asemaye.

Si vyema hata hivyo kuupamba waraka kupita haki yake. Kalamu ile ile tulivu iliandika hati za kuuziana watumwa, kwa ufasaha ule ule wa idadi na bei. Uwazi wa lugha haukumzuia mtu kuficha utu wa mwenziwe ndani ya hesabu.

Mwaka 1879 waya wa simu ulifika Unguja kutoka Aden. Maneno yakawa yanalipiwa moja moja, na bei za London zikafika kabla ya majahazi kung'oa nanga. Simu iliua habari za bei, haikuua waraka. Tippu Tip alipokuwa bara katika safari iliyomweka huko hadi 1882, mali ya Taria Topan ikiwa mikononi mwake, hapakuwa na waya wa kumfikia. Ni karatasi na miguu ya watu.

Kilichoudhoofisha waraka ni ofisi. Kiswahili cha hati za Kilatini, kilichosanifishwa na kamati ya mwaka 1930, kilirithi barua ya karani wa Kiingereza, na kizazi baada ya kizazi kimefundishwa kufungua kwa kumtaka msomaji ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Hakuna tajiri wa zamani ambaye angeielewa sentensi hiyo. Yeye angeliandika kwamba waraka umewasili, akasema analotaka.

Nyaraka nyingine zimo bado katika masanduku ya nyumba za mwambao, pamoja na hati za mashamba na za madeni yaliyokwisha au yasiyokwisha. Panapozuka suala la mirathi hutolewa, na wajukuu wasioijua khati huzipeleka kwa mzee anayeijua. Naye, kabla ya kusoma, huuliza marehemu alikuwa akiuza nini.