Ukungu wa picha na jasho la Ziwa Tanganyika

Mwishoni mwa karne ya 19, kundi la wapiga picha wa Ulaya na Marekani lilitaka kamera ihesabiwe miongoni mwa sanaa. Waliacha ukali wa mistari, wakailainisha picha kwa lenzi na kwa kemikali za kusafishia, hadi ikakaribia mchoro wa rangi. Alfred Stieglitz wa New York, aliyeanzisha jarida la Camera Work mwaka 1903, aliinadi njia hiyo kuliko wengi. Mazoea hayo ya macho yangalipo Kigoma: picha ya ziwa inayopendwa ni mtumbwi mweusi, maji ya dhahabu na jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, huku uso wa mvuvi hauonekani. Mtazamaji huona utulivu wa jioni. Kwa mvuvi wa dagaa, hiyo ndiyo saa ya kuingia kazini. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, zamani karabai, na giza ndilo linaloupa mwanga huo nguvu. Mbalamwezi ikishamiri, mitumbwi mingi hupumzika. Asubuhi, kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, wanawake hupokea samaki na kuwaanika. Zamu hiyo haimo kabisa katika picha ya machweo.

Je, dawa ni picha kali, isiyo na ukungu? Historia ya Kigoma inakataa. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914, na meli Graf von Goetzen, ambayo leo ni MV Liemba, ikashushwa majini mwaka 1915 baada ya kuletwa vipande vipande kutoka Ujerumani. Enzi hizo Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi ya picha katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, alipiga picha za askari, wapagazi na reli kwa uwazi mkubwa. Mizigo inaonekana, misuli inaonekana, lakini kwa kawaida maelezo ya picha hutaja aina ya kazi, si jina la anayeifanya. Ukali wa lenzi peke yake haukumpa mpagazi heshima.

Atakayesema sanaa haidaiwi ripoti ana haki, ila mfano wa Stieglitz mwenyewe unampinga kidogo. Mwaka 1894, huko Katwijk, Uholanzi, alimpiga picha mwanamke akishona nyavu juu ya mchanga. Mandhari ni laini na ya huzuni, lakini huzuni hiyo inatokana na mikono iliyo kazini. Ukiiondoa kazi, hakuna picha. Hicho ndicho kipimo. Hali ya moyo inayozaliwa na kazi ni sanaa halali. Ile inayohitaji kazi ifichwe ni pambo tu. Wahariri na waandaaji wa maonyesho ya picha za Kigoma na Ujiji waanze na jambo dogo: chini ya kila picha waandike saa, kazi inayofanyika na, mwenyewe akiridhia, jina la anayeifanya.