Imamu Anapotaka Kujitenga: Kisa cha Ghazali



Ndugu yangu katika imani, kwenye vijiji kama Mbesa na kwingineko Ruvuma, msikiti mara nyingi una imamu mmoja tu. Huyo huyo ndiye mwalimu wa madrasa, ndiye mfungishaji ndoa, ndiye anayegongewa mlango usiku watu wakigombana. Siku akisema, "Jamaa, kumi hili la mwisho nakaa itikafu, mambo mengine msiniletee," minong'ono inaanza: sheikh katutupa!

Mtume (s.a.w.) alikuwa akikaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani, na mwaka aliofariki alikaa siku 20. Yamo katika Sahihi Bukhari. Na nani alitegemewa kuliko yeye?

Sasa sikiliza habari za Imamu Abu Hamid al-Ghazali, Allah amrehemu. Mwaka 1091 aliteuliwa kusomesha katika madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad, na wanafunzi 300 wakawa wanakaa mbele yake. Mwenyewe ameeleza katika al-Munqidh min adh-Dhalal kwamba alipoichunguza nia yake, aliona anasomesha kwa ajili ya cheo na jina. Karibu miezi sita alivutana na nafsi yake, leo anaazimia kuondoka, kesho anaghairi. Mwishowe ulimi ukafunga. Anakaa kwenye darsa, neno halitoki. Chakula hakipiti. Matabibu wakasema ugonjwa huu umeanzia moyoni.

Hebu fikiri. Mtu analisha watu elimu kila siku, na moyo wake mwenyewe una njaa. Wewe msikilizaji hutajua, maana kwako darsa bado linanoga.

Mwishoni mwa mwaka 1095 akaondoka. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, kumbe moyoni amekusudia Sham, kwa kuchelea khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Lakini angalia alivyojipanga. Mali aliigawa, akabakisha ya kuwatosha watoto. Na kiti cha Nidhamiyya hakikubaki kitupu: alikikalia mdogo wake, Ahmad al-Ghazali. Hapo ndipo jamaa wengi wanapokwama. Imamu anamweka naibu, wao wanamkataa kwa sababu tu sauti yake si tamu kama ya sheikh! Basi imamu ajitenge vipi?

Dimashqi alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkubwa, anajifungia mchana kutwa. Baitul Maqdis aliingia Qubbatus Sakhra kila siku na kufunga mlango. Kisha akaenda kuhiji. Wala usidhani alipata utulivu mtupu. Anakiri kwamba mambo ya familia na maisha yalimkatizia khalwa yake, na ni wito wa watoto uliomrudisha nyumbani. Katika miaka hiyo ya kujitenga ndimo ilimotoka Ihyaa Ulumiddin, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 1106 akarudi kusomesha, Nishapur. Akasema kwamba zamani alisomesha elimu ya kupatia cheo, na sasa anasomesha elimu ya kukiachia cheo. Baadaye akarejea kwao Tus, akaweka karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na mahali pa masufi, akawa anaugawa wakati wake baina ya hao na Qur'ani, mpaka alipofariki mwaka 1111.

Wallahu a'lam.